Jinsi ya Kusoma Picha za Kale za Shule za Kazi: Hampton, Carlisle na Nyinginezo

Wanaoanza kushughulika na picha za kale za shule za Marekani, hasa zile za vijana weusi wa Hampton wakiwa kazini na za watoto wa wenyeji asilia wa Amerika waliopelekwa Carlisle, huuliza maswali yaleyale kila mara. Je, picha hii ni ya kweli au ilipangwa? Kwa nini wasichana wote wanapiga pasi? Kijana huyu ni nani, na aliishia wapi? Je, ninaruhusiwa kuitumia katika somo langu? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana picha moja mbele yake na anataka kuiandikia maelezo ambayo hata msomaji anayeijua historia hiyo hatayakuta na kasoro.

Lishike jambo moja tangu mwanzo. Picha hizi karibu zote zilipigwa ili kumshawishi mtu fulani, awe mfadhili, mbunge wa Washington au mgeni wa maonyesho, kwamba shule inastahili fedha. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani alikusudiwa kuiona picha, na swali la nini kinachoonekana ndani yake linafuata baadaye.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala kubwa ya picha, iliyopakuliwa kutoka hifadhi ya nyaraka yenyewe. Ile uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp haitoshi.
- Daftari au laha yenye safu nne: ninachokiona, ninachokisia, nilichokithibitisha, na mahali nilipokithibitisha.
- Jina la shule kama linavyoandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu katalogi hazitakuelewa ukiandika kwa Kiswahili.
- Mtu wa pili atakayeitazama picha bila kuambiwa chochote. Ndugu au jirani anatosha.
- Muda. Picha moja ikisomwa vizuri humaliza jioni mbili au tatu, nayo ni heri kuliko kupitia picha hamsini kwa saa moja.

Historia kidogo, kiasi cha kukuwezesha kuanza

Shule ya Hampton ilianzishwa mwaka 1868 katika jimbo la Virginia na Samuel Chapman Armstrong, aliyekuwa ameongoza askari weusi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Armstrong alizaliwa Hawaii, mtoto wa wamisionari, na mfumo wake wa kuchanganya darasa na kazi za mikono aliuchukua kutoka shule za misheni za huko. Booker T. Washington, kiongozi mweusi wa elimu, alisoma Hampton kabla ya kwenda kuiongoza Tuskegee, shule ya watu weusi huko Alabama, mwaka 1881. Mwaka 1878 Hampton ilianza kupokea pia wenyeji asilia wa Amerika, wa kwanza wakiwa wafungwa wa vita walioletwa kutoka Fort Marion, Florida, na ofisa wa jeshi Richard Henry Pratt. Mwaka uliofuata Pratt alifungua shule yake mwenyewe katika kambi ya zamani ya jeshi huko Carlisle, Pennsylvania, iliyodumu hadi 1918.

Usizichanganye shule hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Vijana weusi walikwenda Hampton kwa kutaka elimu ambayo wazazi wao walikuwa wamenyimwa na sheria za utumwa, na wengi walitoka wakiwa walimu. Watoto wa Carlisle walisafirishwa mbali na wazazi, mara nyingi kwa shinikizo la serikali, ili lugha, nywele, majina na dini zao viachwe nyuma. Pratt hakuficha: katika hotuba yake ya mwaka 1892 alisema kwamba inapasa kumuua Mhindi (ndivyo wenyeji asilia wa Amerika walivyoitwa, si mtu wa India) aliye ndani ya mtu ili kumwokoa mtu mwenyewe. Kinachoziunganisha shule hizi mbili ni imani ya waendeshaji wake kwamba watu wasio weupe wafundishwe kwanza kazi za mikono, na kwamba kamera inaweza kuuthibitishia umma kuwa mafunzo hayo yanafaulu.

Hatua ya 1: Tafuta nakala ya asili

Anzia Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ina mkusanyiko mkubwa wa picha za Frances Benjamin Johnston, mpiga picha utakayekutana naye tena na tena katika kazi hii. Kwa Carlisle, tumia hifadhi ya kidijitali inayoendeshwa na Chuo cha Dickinson, kilichopo katika mji huohuo wa Carlisle. Humo mna picha pamoja na majalada ya wanafunzi yaliyopigwa skani kutoka Hifadhi ya Taifa ya Marekani.

Pakua faili kubwa kuliko zote zinazotolewa. Kisha nakili namba ya katalogi, kichwa cha picha kama kilivyoandikwa, tarehe, na maelezo ya haki za matumizi. Fanya hivyo papo hapo, maana wengi huahidi kurudi baadaye na hawarudi.

Onyo: nakala zinazozunguka mitandaoni huwa zimekatwa kingo, na pembeni ndiko kuna ushahidi. Picha za miaka ya 1880 zilibandikwa juu ya kadi ngumu, ukubwa wa sentimita 11 kwa 17 hivi, ambayo chini yake au nyuma yake ilichapwa jina la studio na mji. Jina la mtoto, au kabila lake, wakati mwingine liliandikwa hapohapo kwa mkono. Jihadhari vilevile na picha zilizotiwa rangi kwa programu za simu. Rangi ya blanketi, ya shanga na ya ngozi katika picha hizo imebuniwa na mashine, nayo haiwezi kutegemewa hata kidogo.

Hatua ya 2: Andika unachokiona kabla ya kusoma maelezo

Funika kichwa cha picha. Anza kona ya juu kushoto, zunguka hadi kona ya chini kulia, ukiandika vitu vilivyopo tu: watu wangapi, wamesimama au wameketi, mikono yao inashika nini, macho yanaelekea wapi, mwanga unatoka upande gani, ukutani kuna nini. Neno kama "huzuni", "fahari" au "utiifu" lisiingie katika safu ya kwanza. Hayo ni makisio, na yana safu yake.

Chukua kwa mfano picha maarufu ya Johnston ya vijana wa Hampton wakijenga ngazi katika nyumba ya mtunza hazina wa shule. Vijana wametawanywa juu hadi chini ya ngazi, kila mmoja na kifaa chake na mkao wake, na hakuna anayeitazama kamera. Ukiitazama haraka utadhani mpiga picha alipita tu akawakuta kazini. Itazame tena: hakuna anayemziba mwenzake, hakuna mkono uliotikisika ukafifia, na mtiririko wa miili unafuata mshazari wa ngazi yenyewe. Kamera ya wakati ule ilikuwa sanduku kubwa juu ya miguu mitatu, lenye bamba la kioo ndani la kunasia picha, na penye mwanga hafifu wa ndani ya nyumba ilihitaji watu wasitikisike kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo hao vijana waliambiwa wakae hivyo, nao wakatulia.

Hapa ndipo wanaoanza huteleza kwa upande wa pili na kusema kwamba picha ni ya uongo. Kupangwa hakuifanyi kuwa ya uongo. Ngazi ni ya kweli, na hakuna sababu ya kushuku ufundi wa walioijenga. Kilichopangwa ni namna tunavyoonyeshwa kazi hiyo. Andika yote mawili.

Hatua ya 3: Mtafute mpiga picha, kisha mtafute aliyelipa

Johnston alikuwa mwanamke mweupe mwenye studio mjini Washington, na wateja wake walikuwa watu wa tabaka la juu. Mwaka 1899 alipiga picha za shule za mji huo, na mwezi Desemba mwaka huohuo akaanza kazi ya Hampton, iliyoendelea hadi Januari 1900. Mkuu wa shule wakati huo alikuwa Hollis Frissell. Picha hizo zilikusudiwa Maonyesho ya Kimataifa ya Paris ya mwaka 1900, ambako ziliwekwa katika sehemu iliyohusu maendeleo ya Wamarekani Weusi. Baadaye alikwenda Carlisle mwaka 1901, na Tuskegee mwaka 1902 na tena 1906.

Ukishajua hayo, picha nyingi hujieleza zenyewe. Mgeni wa Paris angezipitia akiwa amesimama, kwa hiyo zilihitaji kueleweka kwa mtazamo mmoja: hapa watu wako nadhifu, hapa kila mtu ana kazi, hapa hakuna fujo. Utulivu ule ambao wengi huusifu kama sanaa, na ni sanaa kweli, ulikuwa pia jibu kwa watu weupe waliokuwa wakidai kwamba mtu mweusi hafundishiki.

Kwa upande wa Carlisle, mpiga picha wa miaka ya mwanzo alikuwa John N. Choate, aliyekuwa na studio mjini humo. Picha zake zilisambazwa kuitangaza shule, na watu waliweza kuzinunua kama kumbukumbu.

Katika daftari lako jibu maswali manne: nani alipiga, nani alilipa, nani alionyeshwa, na nani hakuulizwa. La nne mara nyingi hujibiwa kwa kukisia, kwa hiyo liweke katika safu ya pili mpaka upate waraka.

Hatua ya 4: Tafuta pacha wa picha

Shule hizi zilipenda sana jozi za "kabla" na "baada". Ukipata moja, nyingine iko mahali fulani, na ni kosa kubwa kuandika juu ya moja bila kuitafuta ya pili.

Jozi inayojulikana kuliko zote ni ya Tom Torlino, kijana Mnavajo aliyepigwa picha na Choate mwaka 1882 na tena mwaka 1885. Katika ya kwanza ana nywele ndefu, hereni, mikufu na blanketi mabegani. Katika ya pili nywele zimekatwa, amevaa koti na tai, na ngozi yake inaonekana nyeupe zaidi. Hiyo ndiyo hoja ambayo shule ilitaka mtazamaji aipokee bila kuambiwa: kwamba elimu imembadilisha hadi rangi.

Fanya hivi. Ziweke picha mbili ubavuni na ulinganishe kwanza vitu visivyo na uhusiano na mtu: mwanga unatoka upande gani, umetua wapi usoni, nyuma kuna giza au weupe, kichwa kimeelekezwa wapi. Kumbuka pia kwamba mabamba ya wakati huo hayakuwa yakiinasa rangi nyekundu. Kitu chenye wekundu au uhudhurungi kilitoka cheusi kuliko kilivyo, na kitu cha buluu kilitoka cheupe. Badiliko dogo la mwanga, la muda wa kuliachia bamba wazi au la namna ya kuchapa lilitosha kumfanya mtu yuleyule aonekane na rangi nyingine. Kwa sababu hiyo usiandike kamwe kwamba ngozi ya Torlino "ilibadilika". Andika kwamba inaonekana tofauti, kisha taja sababu zinazowezekana.

Jozi za Hampton zilikuwa za namna nyingine, kwa kuwa zililinganisha nyumba. Picha moja inaonyesha wazee wakila katika kibanda duni, na nyingine inaonyesha mhitimu wa Hampton akiwa nyumbani mezani na familia yake. Wazee wale hawakuwa "kabla" ya mhitimu yule. Ni watu wengine kabisa, walioishi wakati mmoja naye. Mpangilio wa albamu ndio uliowageuza kuwa zamani zake. Mimi naona hila hii ni kubwa kuliko ile ya kunyoa nywele, kwa sababu inapita bila kuonekana.

Hatua ya 5: Isome kazi yenyewe

Sehemu hii hurukwa na wengi, na ndiyo yenye mengi ya kuvuna. Msichana aliyeinama juu ya beseni, mwingine anayepiga pasi, darasa zima la wapishi waliovaa aproni nyeupe: wengi huandika "wanafunzi wakijifunza kazi za nyumbani" na kupita. Simama hapo, ujiulize yafuatayo.

Nguo zile ni za nani? Carlisle iliendeshwa kwa nusu siku ya masomo na nusu siku ya kazi. Wasichana walishona sare, walifua na kupika kwa ajili ya shule nzima. Hampton nako wanafunzi walifanya kazi ili kulipia masomo yao. Kwa hiyo chumba cha kufulia kilikuwa darasa na kilikuwa pia dobi la taasisi. Hesabu mabeseni na marundo. Wasichana kumi na wawili mbele ya meza kumi na mbili zilizopangwa sawasawa, kila mmoja na kitambaa kidogo kimoja, hilo ni somo. Wasichana watano katikati ya milima ya mashuka, hiyo ni kazi, hata kama kichwa cha picha kinasema ni somo.

Vifaa ni vya jikoni la nani? Jiko kubwa la chuma na seti ya vyombo vya kaure havikuwapo katika nyumba nyingi walizotoka wasichana hao. Vilikuwapo katika nyumba za watu weupe. Carlisle ilikuwa na mpango ambapo watoto walipelekwa kuishi na kufanya kazi kwa familia za watu weupe, wavulana mashambani na wasichana jikoni, miezi ya kiangazi na wakati mwingine kwa muda mrefu zaidi. Ukiuweka mpango huo kando ya picha ya darasa la upishi utaona msichana alikuwa akiandaliwa kwa jikoni la nani.

Wavulana wako wapi? Shule ziligawa kazi kwa jinsia kwa ukali. Mvulana alipewa useremala, ushonaji viatu, uhunzi, uchapaji na kilimo. Msichana akapewa kazi za nyumbani. Katika jamii nyingi za wenyeji asilia wa Amerika mgawanyo ulikuwa tofauti, na katika baadhi ya jamii kilimo kilikuwa cha wanawake. Kwa hiyo hata picha ya mvulana nyuma ya jembe ni picha ya mila iliyovunjwa.

Onyo: usigeuze kila mtu kuwa mtumwa. Baadhi ya waliofunzwa Hampton walizitumia stadi hizo kuanzisha shule na biashara zao wenyewe. Andika kazi ilivyokuwa, na uache nafasi ya kile mtu alichokifanya nayo baadaye.

Hatua ya 6: Watafutie watu majina yao

Kichwa cha picha huwa kinataja kazi au somo, na mara chache sana mtu. Ingia katika majalada. Kwa mwanafunzi wa Carlisle, kadi yake inaweza kuonyesha jina alilopewa na shule, jina la kwao, taifa lake, umri, tarehe ya kufika na ya kuondoka. Tafuta kwa majina yote mawili, kwa sababu jina la shule lilibuniwa na karani, na mara nyingi liliandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Luther Standing Bear, aliyefika Carlisle mwaka 1879 akiwa miongoni mwa watoto wa kwanza, alieleza baadaye katika maandishi yake jinsi walivyopewa kijiti wachague jina ubaoni, ilhali hawakuweza kusoma hata moja.

Picha ya Johnston ya somo la historia ya Marekani huko Hampton inaonyesha faida ya hatua hii. Mbele ya darasa amesimama kijana aliyevaa mavazi ya kwao ya manyoya, kama kielelezo, na darasani pia kuna tai aliyekaushwa juu ya sanduku. Wanafunzi weusi na wenyeji asilia, wote katika mavazi ya shule, wanamtazama. Ukiishia kwenye kichwa cha picha utaandika "Mhindi na tai". Lakini kijana anatambulika: ni Louis Firetail, mwanafunzi wa shule hiyohiyo. Siku nyingine alivaa kama wale wanaomkodolea macho.

Onyo: usimpe mtu jina kwa kufananisha sura. Na kama mtoto unayemtafuta alifia shuleni, fahamu kwamba jambo hilo bado ni bichi. Makaburi ya Carlisle yana watoto zaidi ya 180, na tangu mwaka 2017 jeshi la Marekani limekuwa likifukua mabaki ya baadhi yao na kuyarudisha kwa jamii zao. Picha ya mtoto huyo ina ndugu walio hai. Isitumike kama pambo la makala.

Hatua ya 7: Iweke kando ya picha na maneno ya wahusika wenyewe

Katika chumba kilekile cha Paris mwaka 1900, W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alileta albamu zenye picha 363 za Wamarekani Weusi wa Georgia, nyingine zikiwa zimepigwa na Thomas Askew, mpiga picha mweusi wa Atlanta. Humo watu wameketi kama wateja waliolipia picha zao, wakiitazama kamera, na hakuna beseni. Zote zimo katika Maktaba ya Bunge. Fungua albamu hizo baada ya kukaa siku nzima na picha za Hampton, nawe utaona bila kuelezwa ni kitu gani kilichokosekana.

Kwa Carlisle, soma maandishi ya Luther Standing Bear, na ya Zitkala-Ša, mwandishi wa Yankton, taifa mojawapo la wenyeji asilia, aliyewahi kufundisha hapo na ambaye mwaka 1900 alichapisha kumbukumbu zake za kukatwa nywele akiwa mtoto katika shule nyingine huko Indiana.

Hatua ya 8: Andika maelezo ya picha

Maelezo mazuri yana mpiga picha, mahali, mwaka, jina la mtu kama linajulikana, kusudi la picha, na mahali ilipohifadhiwa. Kwa mfano: "Tom Torlino, kijana Mnavajo, alivyopigwa picha na J. N. Choate huko Carlisle, Pennsylvania, mwaka 1882 na tena 1885. Picha hizi mbili zilisambazwa pamoja ili kuitangaza shule. Tofauti ya rangi ya ngozi huenda inatokana na mwanga na namna ya kuchapa." Sentensi tatu zinatosha. Kichwa cha zamani kikiwa na neno la kudhalilisha, kiweke ndani ya alama za kunukuu na useme ni cha nani, usikifute.

Ukitaka kuifanya kazi hii kwa picha za kwetu

Njia kutoka Hampton hadi Afrika Mashariki si ya kubuni. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones aliyewahi kufanya kazi Hampton, na ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast (leo Ghana) kama mjumbe, ilizuru Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikipendekeza elimu ya aina ya Hampton na Tuskegee. Mwaka uliofuata ilifunguliwa Jeanes School, shule ya kufunza walimu, huko Kabete, Kenya, ambako walimu walikuja na wake zao, na wake hao wakafundishwa usafi wa nyumba, upishi na malezi. Kabla ya hapo misheni zilikuwa na picha zao, kwa mfano za shule ya wasichana ya Mbweni, Zanzibar, iliyopokea wasichana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Tafuta katika mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, wenye picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Hatua ni zilezile, isipokuwa ya sita ina faida moja ya ziada: unaweza kuwauliza wazee kwa lugha yao.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Katalogi haileti kitu.* Jaribu maneno ya wakati ule, hata kama yanakera: "Negro", "colored", "Indian", "industrial", "laundry", "domestic science". Katalogi nyingi bado zinafuata vichwa vya zamani.

*Picha haina jina la shule.* Usiandike Carlisle kwa kuwa ndiyo unayoijua. Ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 2022 ilitaja shule 408 za bweni za wenyeji asilia kati ya 1819 na 1969. Angalia kadi, jengo, sare na pazia la studio. Pazia moja huonekana nyuma ya watoto wengi, nalo linaweza kukufikisha kwa mpiga picha.

*Hifadhi mbili zinatoa tarehe tofauti.* Moja huenda ni tarehe ya kupigwa na nyingine ya kuchapwa au kutolewa kwa hifadhi. Andika zote na useme kila moja imetoka wapi.

*Faili ni kubwa, kifurushi cha intaneti kinaisha.* Pakua kwanza nakala ya ukubwa wa kati kwa ajili ya hatua ya pili, kisha faili kubwa ya picha moja tu uliyoamua kuifanyia kazi. Maktaba za vyuo huwa zinaruhusu kupakua humo.

*Sijui kama naruhusiwa kuichapisha.* Picha zilizochapishwa Marekani kabla ya mwaka 1929 haki zake za kisheria huko zimekwisha muda, na Maktaba ya Bunge huandika wazi pale isipojua kizuizi chochote. Sheria ya nchi yako isome pia. Kama jamii ya mhusika imeomba picha fulani isisambazwe, iache, hata kama sheria inakuruhusu.

*Mtu wa pili ameona kitu tofauti kabisa na nilichokiona.* Rudi hatua ya pili pamoja naye, mkiwa na faili kubwa mbele yenu, na kila mmoja aonyeshe kwa kidole kilichomfanya aseme alivyosema. Asiyeweza kuonyesha, neno lake lihamishiwe safu ya makisio.